Kufuli Halina Masikio



Jumapili ya juzi dada yangu mdogo alitupigia simu kutoka Texas, kule Marekani, anakoishi na mumewe na mtoto wao wa kiume wa miaka sita. Kwetu ilikuwa jioni, kwao asubuhi. Kama ilivyo desturi yetu, simu iliwekwa katikati ya meza, sauti ikafunguliwa, kila mtu akasalimia kwa zamu. Nilisalimia mimi, akasalimia mke wangu, akasalimia binti yetu wa kidato cha pili, na mwisho zamu ikamfikia mama, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Voi. Mama alifundisha shule ya msingi kwa miaka 31, na mpaka leo hawezi kuzungumza na mtoto bila kumuuliza habari za masomo. Akamuuliza mjukuu wake, "Wiki hii mwalimu amekufundisheni nini?"

Kiswahili cha mtoto yule ni cha kubabaika, lakini kinaeleweka. Akajibu, "Tumejifunza kunyamaza, nyanya."

Mama akafurahi. Katika miaka yake yote ya kushika chaki, hilo ndilo somo alilolitamani kuliko yote. Akasema, "Vizuri sana, mume wangu. Mtoto mwema hunyamaza mwalimu anapofundisha."

"Si mwalimu anapofundisha," mtoto akasema. "Ni mtu mbaya akija na bunduki. Taa inazimwa, tunakaa kwenye kona, hatucheki, hatukohoi. Nyanya, nyinyi shuleni kwenu mlikuwa mkijificha wapi?"

Mama alitutazama sote pale mezani, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta wa kumsaidia. Hakuna aliyemsaidia. Kisha akasema, "Sisi tulijificha nyuma ya choo, siku ambazo hatukufanya hesabu." Mtoto akacheka sana huko Texas. Huku Nairobi hakucheka mtu.

Ndugu msikilizaji, simu ile ndiyo iliyonifanya niyaweke kando yale niliyokuwa nimekusudia kuyasema leo. Nataka tuzungumze juu ya bunduki na shule. Najua wako watakaosema, "Hayo ni ya Wamarekani, sisi tuna yetu." Naomba univumilie mpaka mwisho, kwa sababu nilipoanza kuyatafakari ya Wamarekani, niliyakuta yangu mwenyewe yakinisubiri mlangoni.

Tuanze na huko kwao. Tarehe 20 Aprili 1999, vijana wawili waliingia katika shule yao ya upili ya Columbine, jimbo la Colorado, wakiwa na bunduki. Siku ile waliwaua wanafunzi 12 na mwalimu 1, kisha wakajiua wenyewe. Columbine haikuwa shule ya kwanza Marekani kupatwa na msiba wa namna hiyo, lakini ndiyo iliyowatia Wamarekani hofu ambayo haijawatoka hadi leo. Tangu hapo wazazi walitaka kujua jambo moja tu: mtoto wangu atalindwa vipi?

Jibu walilopewa, kwa sehemu kubwa, lilikuwa ni mlango. Shule zikawekewa milango inayojifunga yenyewe, vioo visivyopenya risasi kwa urahisi, kamera, vitambulisho vya shingoni, na askari wenye silaha wanaozunguka kwenye ujia wa madarasa. Na watoto wakaanza kufanya mazoezi ya kujificha, kama yale aliyoyasimulia mpwa wangu. Leo shule nyingi mno za umma nchini humo hufanya mazoezi hayo, na kumezuka biashara kubwa ya kuuza kila kitu kinachoweza kufungwa, kukazwa au kuchungulia.

Sisemi kwamba mlango hauna faida. Hata mimi nyumbani kwangu nafunga mlango usiku. Lakini sikiliza yaliyotokea Uvalde, mji mdogo wa Texas, jimbo lile lile anakoishi dada yangu. Tarehe 24 Mei 2022, kijana wa miaka 18, aliyekuwa amenunua bunduki zake dukani kwa mujibu wa sheria mara tu baada ya kutimiza umri huo, aliingia katika shule ya msingi ya Robb. Aliwaua watoto 19 na walimu 2. Milango ilikuwapo. Ule wa nje ulikuwa umevutwa ukarudi, lakini kufuli halikushika. Polisi nao walikuwapo: uchunguzi wa bunge la Texas ulihesabu askari 376 waliofika mahali pale. Na zilipita dakika 77 kabla ya polisi kuingia darasani alimokuwa muuaji, huku watoto waliokuwa ndani wakipiga simu ya dharura kuomba waokolewe. Sehemu ya muda huo ilipotea wakitafuta ufunguo. Baadaye wachunguzi walisema kwamba mlango wa darasa lile yawezekana haukuwa umefungwa kabisa.

Ndiyo maana nasema, msikilizaji, kwamba kufuli ni chombo cha mwisho. Likishaanza kufanya kazi, maana yake mengine yote yamekwisha shindwa. Na kufuli lina ila moja kubwa: halina masikio.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimekaa nikasoma habari za misiba hii, mmoja baada ya mwingine, na karibu kila mahali nimekuta kitu kile kile. Kabla ya risasi, palikuwa na neno. Mtu alisema. Mtu alisikia. Kisha neno likawekwa kwenye faili, au likachukuliwa kuwa utoto, au likamezwa na shughuli za siku.

Chukua msiba wa Parkland, jimbo la Florida, tarehe 14 Februari 2018, walipouawa watu 17 katika shule ya upili. Shule hiyo ilikuwa na askari mwenye bastola. Siku hiyo alibaki nje. Lakini kabla ya hapo, tarehe 5 Januari mwaka ule ule, mtu anayemfahamu kijana yule alikuwa ameipigia simu FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, akaeleza kwamba kijana ana bunduki na kwamba huenda akaenda kuua watu shuleni. Taarifa ile haikupelekwa kwa wale waliopaswa kuifanyia kazi. FBI yenyewe ilikiri hivyo baada ya msiba.

Au vuka bahari uende Uskochi, kwenye mji wa Dunblane. Tarehe 13 Machi 1996, mwanamume mmoja mtu mzima aliingia katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi akiwa na bastola nne, akawaua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola zote alikuwa nazo kihalali, kwa leseni. Uchunguzi uliofanywa na jaji Lord Cullen ulibaini kwamba mwaka 1991, yaani miaka mitano kabla, afisa mmoja wa polisi alikuwa ameandika waraka kueleza kwamba mtu huyo hafai kumiliki silaha. Waraka ulisomwa na wakubwa, leseni ikaachwa kama ilivyokuwa.

Lakini Waingereza walifanya jambo ambalo Wamarekani hawakulifanya. Wazazi na wakazi walianzisha ombi la kupiga marufuku bastola, nalo likatiwa saini na watu zaidi ya 700,000. Mwaka 1997 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mbili, moja chini ya serikali ya John Major na nyingine chini ya Tony Blair, zilizokomesha umilikaji wa bastola kwa raia wa kawaida huko England, Wales na Uskochi. Si kwamba uhalifu ulitoweka katika nchi ile, la hasha. Lakini mauaji ya risasi kama yale ya Dunblane hayajarudi tena katika shule zao. Walianza na bunduki, ndipo wakaja kwenye mlango.

Marekani ni nchi nyingine. Katiba yao inataja haki ya raia kuwa na silaha, na bunduki zilizomo mikononi mwa raia ni nyingi kuliko raia wenyewe. Kuanzia mwaka 2020, silaha za moto ndizo zimekuwa zikiongoza katika kuwaua watoto na vijana wa nchi hiyo, zikizipita ajali za magari. Na hapa niseme jambo ambalo watu hulisahau: wengi wa watoto hao hawafii shuleni. Hufia nyumbani, mitaani, na wengine kwa mikono yao wenyewe. Shule, kwa hesabu, bado ni mahali salama kuliko nyumba nyingi. Bunduki inayoingia shuleni aghalabu hutoka katika nyumba hizo hizo.

Hilo si neno langu. Baada ya Columbine, idara ya Secret Service, ile inayomlinda Rais wa Marekani, ilishirikiana na Wizara ya Elimu kuchunguza mashambulizi 37 ya shuleni yaliyotokea kati ya mwaka 1974 na 2000. Taarifa yao ilitoka mwaka 2002. Waligundua kwamba karibu theluthi mbili ya wavulana waliotumia silaha walizitoa nyumbani kwao au kwa jamaa zao. Waligundua kwamba wengi walikuwa wamehisi kuonewa na wenzao. Na waligundua kwamba katika zaidi ya robo tatu ya visa hivyo, alikuwapo angalau mtu mmoja aliyejua mapema jambo linalopangwa. Mtu huyo, mara nyingi, alikuwa mtoto mwenzao. Rafiki. Jirani wa dawati.

Sasa nikueleze kisa kimoja ambacho hakijaniacha nilale vizuri. Kilitokea katika shule ya upili ya Oxford, jimbo la Michigan, tarehe 30 Novemba 2021. Siku nne kabla, baba mmoja alikuwa amemnunulia mwanawe wa miaka 15 bastola. Kesho yake mama akampeleka kijana kwenye uwanja wa shabaha akajaribu kuipiga. Jumatatu, mwalimu alimkuta kijana darasani akitafuta habari za risasi katika simu yake. Shule ikampigia mama, mama akalifanyia mzaha. Jumanne asubuhi mwalimu mwingine aliona karatasi ya hesabu ya kijana huyo. Alikuwa amechora bastola, amechora mtu anayevuja damu, na pembeni ameandika maneno ya kuomba msaada.

Wazazi waliitwa, wakaja. Wakakaa na mshauri wa shule kwa dakika chache. Waliombwa wamtafutie kijana msaada wa daktari, nao wakakataa kuondoka naye siku ile, wakarudi kazini. Kijana akarudishwa darasani. Mkoba wake ulikuwa pale pale, na hakuna aliyeufungua. Bastola ilikuwa ndani. Mchana wa siku hiyo wanafunzi wanne waliuawa na watu saba walijeruhiwa.

Kijana yule amefungwa maisha. Lakini mwaka 2024 yalifanyika yaliyokuwa hayajawahi kufanyika Marekani: mama yake, kisha baba yake, kila mmoja kwa kesi yake, walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na mwezi Aprili mwaka huo kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Mahakama ilisema, kwa maneno mengine, kwamba mzazi anayeweka bunduki karibu na mtoto anayelia hawezi kunawa mikono.

Msikilizaji, hebu hesabu mwenyewe ni watu wangapi wazima waliokutana na kijana yule katika siku mbili zile. Baba, mama, walimu wawili watatu, mshauri wa shule. Hakuna hata mmoja aliyekuwa gaidi, na hakuna aliyetaka watoto wafe. Kila mmoja alishika kipande cha habari, na kila mmoja alikuwa na haraka.

Nilikuwa nikiyasoma hayo usiku wa Jumatano, ndipo nikakumbuka kitu. Na sasa inanibidi nijiseme mwenyewe, maana si vyema kukaa nyuma ya maikrofoni kila wiki nikiwasema wengine.

Kama wiki tatu zilizopita, tukiwa mezani tunakula, binti yangu alisema hivi: "Baba, kuna mvulana darasani kwetu amesema ataleta bastola ya mjomba wake awaonyeshe wale wanaompiga kituoni." Mimi nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari ya saa moja. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Wavulana hupenda kujigamba. Maliza chakula." Akamaliza chakula. Nami nikamaliza kusikiliza habari, zilizokuwa za mbali sana na meza yangu.

Usiku ule wa Jumatano nilikwenda nikamgongea mlango. Nikamuuliza, yule mvulana uliyemtaja, hali yake vipi? Akanitazama akasema, "Nilikuambia siku ile, baba." Hakusema zaidi, na hapakuwa na haja.

Asubuhi nilikwenda shuleni. Siitaji shule wala mtu. Nilielekezwa kwa mwalimu wa ushauri nasaha, nikamkuta katika chumba kidogo kando ya maabara, kati ya masanduku ya chupa, kwa sababu yeye hasa ni mwalimu wa Kemia na ushauri ameongezewa tu. Ana wanafunzi zaidi ya 900. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika, akanishukuru, na siku ile ile akamwita mvulana, kisha akamwita mzazi. Ikajulikana kwamba wavulana wakubwa wa mtaani walikuwa wakimngoja kituo cha matatu kila jioni wamnyang'anye nauli, na kwa muda wa mwezi mzima alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu. Ikajulikana pia kwamba mjomba ana bastola kweli, tena ya leseni, na huiweka katika droo ya kabati, chini ya mashati. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye leseni aihifadhi silaha yake mahali salama wakati wote. Sasa imewekwa kwenye sefu. Mvulana naye anasindikizwa kituoni. Ndiyo hayo tu. Hakuna gazeti litakaloandika habari ya bastola isiyotoka kwenye droo, ila hili, kwa kuwa nimeisema mimi.

Na kuna aibu nyingine. Mwaka jana katika mkutano wa wazazi wa shule hiyo hiyo tuliulizwa tufanye nini kuhusu usalama. Mzazi mmoja, mama mmoja mpole aliyeketi nyuma, alipendekeza tuchange tupate mshauri wa kudumu asiyefundisha somo lingine. Mwingine akapendekeza ukuta uongezwe, nyaya za miiba juu na kamera langoni. Ukuta ulishinda. Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoinuliwa. Ukuta unaonekana, msikilizaji. Mgeni akija unamwonyesha. Sikio utamwonyesha vipi?

Usidhani kwamba napuuza hatari ya adui atokaye nje. Mwezi Aprili 2015 nilitumwa na ofisi kwenye uwanja wa Nyayo, ambako jamaa za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa walikuwa wakingoja habari. Alfajiri ya tarehe 2 wauaji wanne wa Al-Shabaab walikuwa wamewaua walinzi wa langoni, wakaingia mabwenini. Waliokufa walikuwa 148. Nakumbuka baba mmoja aliyekuwa ameshika karatasi ya kujiunga na chuo ya binti yake, imekunjwa mara nne, akimwonyesha kila aliyepita kana kwamba karatasi ile ingemfanya mtu amtambue. Niliinua maikrofoni, kisha nikaishusha. Kwa wauaji kama wale, kunahitajika serikali yenye macho, na askari wanaofika kwa dakika, si kwa saa nyingi kama ilivyokuwa siku ile.

Lakini tazama hofu ile ilivyotufanya. Siku kumi baadaye, tarehe 12 Aprili, kabla hapajakucha, mtambo wa umeme ulilipuka katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani ni Garissa nyingine. Waliruka kutoka madirishani gizani. Zaidi ya 100 waliumia na mmoja akafa. Hapakuwa na muuaji. Na mwezi Novemba tarehe 30 mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi. Watu waliosikia milio ile walidhani ni kweli, wakaruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alikufa, wengine wengi wakajeruhiwa, na chuo kikaomba radhi. Katika mwaka mmoja, hofu peke yake, bila adui, iliua mara mbili. Wanaotaka kuyaleta hapa mazoezi ya Wamarekani, na wapo, wayakumbuke hayo kwanza. Zoezi lifanywe kwa kutangazwa na kuelezwa, watoto wajue njia za kutokea, bila maigizo ya damu na risasi.

Na wanaopenda kufuli wakumbuke Kyanguli, kule Machakos. Mwezi Machi 2001, bweni lilipotiwa moto usiku, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 waliteketea. Vyuma vile viliwekwa kwa ajili ya usalama.

Wala bunduki si ngeni kwa watoto wote wa Kenya. Waulize wa Baringo, Turkana, Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet, ambako wezi wa mifugo wamezifunga shule mara nyingi kuliko likizo. Mwezi Februari 2022, basi la shule lilimiminiwa risasi katika Bonde la Kerio na dereva akauawa. Hao hawahitaji kamera langoni. Wanahitaji bunduki haramu ziondolewe mikononi mwa watu, kazi ambayo kila serikali imeiahidi.

Basi nifunge vipi mazungumzo haya? Sina dawa ya Marekani. Kwa hapa kwetu nina maombi matatu tu, nayo hayana gharama ya ukuta. La kwanza, wewe mwenye leseni ya silaha, leo usiku, kabla ya kulala, nenda ukaitazame iko wapi. Kama mtoto wa darasa la nne anaweza kuifikia akipanda kiti, hujaificha. La pili, wewe mwalimu mkuu na wewe mzazi, katika mkutano ujao, kabla ya kuhesabu matofali, ulizeni shule ina watu wangapi ambao kazi yao ni kuwasikiliza watoto, na wanakaa chumba gani. La tatu ni letu sote: mtoto akileta neno mezani, zima redio. Nalisema hili mimi ninayekula kwa redio. Hata kipindi hiki, kizime. Utakisoma gazetini.

Na tuwafundishe watoto kwamba kupeleka habari ya hatari si umbea wala si usaliti. Mtoto akinyamaza kwa kuogopa kuitwa mchongezi, tumempoteza yeye na yule aliyekuwa amjie kumsaidia.

Jana kabla mama hajapanda gari la Voi nilimuuliza, katika miaka 31 ya kufundisha, alijuaje mtoto mwenye shida. Alishangaa swali lenyewe. Akaniambia kwamba kila asubuhi alisimama mlangoni pa darasa akawasalimia mmoja mmoja kwa jina. "Aliyelala njaa anaitikia kwa sauti nyingine," akasema. "Aliyepigwa nyumbani haitikii kabisa. Unamweka karibu na meza yako, saa nne unamuuliza." Nikamwambia siku hizi darasani wako 60. Akajibu, "Hata mimi walikuwa 50. Salamu ni fupi, mwanangu."

Jumapili hii dada atapiga simu tena. Mama ameniagiza nimwambie mjukuu wake kwamba amelikumbuka vizuri swali lake, na kwamba akija likizo Voi atamwonyesha pale nyuma ya choo. Ila amesema nimwambie pia kwamba huku, akiwa na jambo la kusema, asinyamaze.